Muhamadi Kijuma, muuza vitabu wa Lamu asiyekuwa na mtambo wa kuchapa

Mkazi wa Kiyovu anayetaka daftari, kalamu au kamusi ya Kiswahili hahitaji safari ndefu. Anatembea dakika chache hadi maduka ya katikati ya Kigali, analipa, anaondoka. Kitabu anachokichukua kimechapwa kwa maelfu, na nakala iliyo mkononi mwake haina tofauti na ile aliyoiacha rafuni.

Miaka mia moja na ushei iliyopita, mtu aliyetaka kitabu cha tenzi za Kiswahili katika mji wa Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya, alifuata njia nyingine. Alimwendea mnakili, akamweleza anautaka utenzi upi, wakapatana malipo, kisha akasubiri. Kitabu kiliandikwa kwa mkono, ubeti baada ya ubeti, kwa herufi za Kiarabu, na hakikuwa na pacha duniani.

Katika kizazi cha mwisho cha ufundi huo hakuna jina lililokwenda mbali kuliko la Muhamadi bin Abubakari bin Omari al-Bakari, ambaye watu wa Lamu walimwita Kijuma, na wengine Kijumwa. Alizaliwa Lamu mnamo 1855 na kufariki 1945. Sehemu kubwa ya yale ambayo vyuo vikuu vinafundisha leo kuhusu ushairi wa kale wa Kiswahili ilipita katika ncha ya kalamu yake. Hata hivyo, wasomaji wengi wa tenzi hizo hawajawahi kulisikia jina lake.

Mji uliozoea kalamu

Biashara ya Kijuma haikuanza naye. Visiwa vya Lamu, Pate na Manda vilikuwa na waandishi wa vitabu muda mrefu kabla ya babu zake. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika kwa mafundi walionakili Kurani na kuzipamba kwa wino wa rangi. Karatasi zililetwa na majahazi kutoka ng'ambo, nyingine zikiwa na alama za viwanda vya Italia. Kalamu ilichongwa kwa mwanzi, na wino mweusi ulipatikana kwa masizi na gundi ya mti.

Mwaka 1728 mshairi Bwana Mwengo bin Athumani alitunga katika kisiwa cha Pate Utendi wa Tambuka, mmoja wa tenzi ndefu za mwanzo za Kiswahili zilizotufikia. Mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, kijana aitwaye Benjamin Franklin alianzisha kiwanda chake cha uchapaji mjini Philadelphia, Marekani. Muda si mrefu akawa na duka lililouza vitabu, karatasi na wino. Karne ya 18 ilikuwa zama za watu kama yeye katika miji ya Ulaya na Marekani. Mtu mmoja aliweza kuwa mchapaji, muuza vitabu na muuza vifaa vya kuandikia.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na kitabu, ilikuwa na msomaji na ilikuwa na mnunuzi. Kilichokosekana ni mtambo. Kazi yote ya kiwanda cha Franklin ilibebwa na mnakili peke yake: ndiye aliyepanga ukurasa, ndiye aliyeandika, ndiye aliyesahihisha, na mara nyingi ndiye aliyeuza.

Fundi wa mikono mingi

Kijuma alikulia katika mji uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar na uliokuwa bado na mali. Mashamba ya bara yalitoa nafaka na nazi, misitu ya mikoko ilitoa boriti, na majahazi yaliipeleka shehena hiyo Arabuni. Nyumba za mawe za mabwana zilikuwa na milango ya nakshi. Nyuma ya utajiri huo kulikuwa na jasho la watumwa waliolima mashamba hayo.

Katika mji huo Kijuma alijifunza zaidi ya kazi moja. Alikuwa mchonga nakshi za mbao, na milango ni miongoni mwa kazi zilizompa jina. Alikuwa mpiga kibangala, ala ya nyuzi inayofanana na udi. Alitunga mashairi, na aliingia katika ngoma na mashindano ya ushairi ambayo mitaa ya Lamu ilipigania kwa ari kubwa. Mkono uliozoea patasi na tindo ndio ulioshika kalamu. Kurasa zake zina mistari iliyonyooka, herufi nene zilizosimama imara, na mapambo mwanzoni na mwishoni yanayokumbusha maua ya milango.

Alipofikia utu uzima, mji wake ulianza kuporomoka. Mwaka 1885 Wajerumani walijitangaza walinzi wa Witu, ng'ambo ya bahari kutoka Lamu, na mwaka 1890 wakawaachia Waingereza eneo hilo. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Viktoria. Tangu hapo biashara ilifuata reli, na Lamu ikabaki kando. Utumwa ulipopigwa marufuku na sheria mwaka 1907, familia zilizotegemea mashamba zikabaki na majina makubwa na mapato madogo.

Mji ukipungukiwa, vitabu ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukosa mtunzaji. Hewa ya chumvi, mchwa na mvua havingojei wenye nyumba wapate nafuu. Nakala ikioza bila kuandikwa upya, utenzi unabaki katika vichwa vya wazee, na wazee nao hawadumu. Ufundi wa Kijuma ulipata maana mpya wakati huo, na mteja wake pia akabadilika.

Wateja waliokuja na meli

Wageni wa kwanza kumhitaji walikuwa wale waliotaka kujifunza lugha. Wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walikuwa wamefika Lamu na bonde la Mto Tana tangu miaka ya 1880. Kijuma alizoeleka kwao kama mwalimu, fundi na mwandishi.

Kisha akaja Alice Werner, mtaalamu wa lugha kutoka Uingereza aliyesafiri Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913. Werner alikuwa akitafuta habari za Fumo Liyongo, shujaa mwenye nguvu za ajabu ambaye watu wa pwani walimwimba kwa karne nyingi. Kila mzee alikuwa na kipande cha kisa hicho. Wengine walijua namna mama yake alivyomtumia tupa iliyofichwa ndani ya mkate ili akate pingu gerezani. Wengine walijua namna mwanawe mwenyewe alivyomuua kwa kumchoma sindano ya shaba kitovuni.

Mwaka 1913 Kijuma alikiandika kisa hicho kwa mfumo wa utenzi. Hicho ndicho Utendi wa Fumo Liyongo unaojulikana leo. Kazi ambayo ingeweza kubaki oda ya mteja mmoja ikawa miongoni mwa tenzi zinazotajwa zaidi katika fasihi ya Kiswahili. Mnakili alikuwa amegeuka mtunzi, na alifanya hivyo bila kuiacha biashara yake.

Werner alirudi London, akafundisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika, na uhusiano na Lamu haukukatika. Mwingine aliyeagiza kazi alikuwa William Hichens, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni na ambaye baadaye, akiwa Uingereza, alijitolea kukusanya na kuchapisha mashairi ya Kiswahili. Katika miaka ya 1930 msomi wa Kijerumani Ernst Dammann alifika Lamu pamoja na mkewe Ruth, akakaa na Kijuma, akajifunza kwake lahaja ya Kiamu na kukusanya tenzi kutoka mkononi mwake. Kijuma alikuwa tayari ana umri wa miaka themanini hivi.

Hivyo ndivyo mtu mmoja katika mji usio na kiwanda cha uchapaji alivyokuwa na wateja London na Ujerumani. Kilichomuunganisha nao kilikuwa posta. Alifunga kurasa zilizoandikwa, akaambatanisha barua, na mzigo ukasafiri kwa meli. Barua zake kadhaa zimehifadhiwa pamoja na miswada. Ndani yake hakuna tu habari za ushairi. Kuna mambo ya kazi: kilichotumwa, kinachoandaliwa, na malipo. Kwa fundi anayekaa Lamu na kumwandikia mteja asiyeweza kumwendea mlangoni, mambo hayo hayakuwa madogo.

Kazi ya ukurasani

Mteja wa mbali alilipia nini hasa? Kwanza, alilipia ukurasa unaosomeka. Katika utenzi kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kwa kawaida kina mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi mzima. Wanakili wa pwani waliuweka ubeti mmoja katika mstari mmoja, vipande vinne vikifuatana kutoka kulia kwenda kushoto, na alama au ua dogo kati yake. Jicho liliposhuka upande wa kushoto wa ukurasa liliona kina kilekile kimejipanga kama nguzo za nyumba. Kijuma alikuwa bingwa wa mpangilio huo, na alipenda kutumia wino wa rangi zaidi ya moja kutenganisha vipande.

Pili, alilipia tafsiri ya hati. Herufi za Kiarabu hazikuundwa kwa ajili ya Kiswahili. Hazina p, wala ch, wala v, na alama zake za irabu hazitofautishi e na i, wala o na u. Katika hati ya zamani, sauti ya m au n iliyotangulia konsonanti nyingine mara nyingi haikuandikwa. Kwa hiyo maandishi yaleyale yaliweza kusomwa baba, bamba, papa au pamba. Mtu wa Lamu aliyeujua utenzi tangu utotoni hakutatizika, kwa sababu karatasi ilimkumbusha tu. Msomaji aliyekaa London hakuwa na cha kukumbuka.

Kijuma alilielewa tatizo la mteja wake. Katika nakala zake alitumia alama za ziada ili sauti za Kiswahili zionekane, na mara nyingine aliongeza maelezo ya maneno magumu ya Kiamu cha kale. Alikuwa anaandika kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuusikia utenzi ukiimbwa. Hatua hiyo ilibadilisha kazi ya mnakili. Nakala ya zamani ilimsaidia anayejua asisahau, na nakala ya Kijuma ilimfundisha asiyejua.

Tatu, mteja alilipia jina la mwandishi. Mwishoni mwa kazi zake Kijuma alizoea kuandika jina lake na tarehe, kama walivyofanya mafundi wa vitabu waliomtangulia. Jina hilo lilikuwa dhamana. Mteja alijua nani wa kuulizwa iwapo ubeti umekosekana.

Mnakili anapokuwa mshairi

Dhamana hiyo ndiyo iliyokuja kuzua swali gumu kuhusu kazi ya Kijuma. Utenzi uleule aliwaandikia wateja tofauti kwa miaka tofauti, na nakala hizo hazilingani neno kwa neno. Wakati mwingine ubeti umehama mahali pake. Wakati mwingine neno moja limeachia jingine, au kuna ubeti ambao nakala nyingine haina.

Kwa msomi aliyezoea vitabu vilivyochapwa, hilo ni kosa. Anataka kujua Mwana Kupona, aliyemwandikia bintiye utenzi wa mawaidha mnamo 1858, alisema nini hasa. Anataka kujua Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasiri, mtunzi wa Al-Inkishafi, alichagua neno lipi alipoeleza magofu ya Pate. Mnakili anayegusa maneno anamwondolea uhakika huo.

Kwa mtu wa Lamu jambo lilikuwa na sura nyingine. Utenzi uliimbwa, ulisomwa kwa sauti, ulikaririwa. Kila aliyeupokea vizuri aliupitisha katika masikio yake mwenyewe. Kijuma alikuwa mshairi. Alipokutana na mizani iliyopungua au kina kilichochechemea, alikuwa na uwezo wa kukirekebisha, na huenda aliona ni wajibu wake. Fundi wa mlango hamkabidhi mwenye nyumba ubao wenye ufa.

Pande zote mbili zina haki yake, na hasara pia ni ya kweli. Pale ambapo nakala ya zamani zaidi imepotea na ya Kijuma imebaki, hakuna tena namna ya kuitenganisha sauti ya mtunzi na mkono wa mnakili. Msomaji wa leo anapokea tenzi hizo kama mlango wa kale ulioguswa upya na fundi hodari. Mlango ni uleule, lakini patasi ya mwisho haikuwa ya aliyeuchonga kwanza. Lakini pale ambapo Kijuma hakuandika, na mwingine hakuandika, hakuna mlango wa kubishania.

Vitabu vyaondoka, jina labaki nyuma

Matunda ya kazi yake yalianza kuonekana katika maandishi ya chapa alipokuwa mzee. Mwaka 1934 Werner na Hichens walitoa chapisho la Utenzi wa Mwana Kupona nchini Uingereza. Mwaka 1939 Hichens akatoa Al-Inkishafi mjini London. Mwaka 1940 Dammann akachapisha mjini Hamburg mkusanyiko mkubwa wa tungo za lahaja ya Kiamu.

Tarehe hiyo ya mwisho ina uchungu wake. Mwaka 1940 Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani, na Lamu ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Tungo za mji huo zilichapwa katika nchi ambayo sheria ya mji huo iliihesabu kuwa adui. Vita vilikata njia iliyomlisha Kijuma. Werner alikuwa amefariki mwaka 1935. Hichens alifariki mwaka 1944. Kijuma mwenyewe aliaga dunia mwaka 1945, mwaka vita vilipomalizika, akiwa na umri wa miaka tisini hivi.

Miswada aliyoiuza ilibaki ilikopelekwa. Mingi iko katika maktaba ya chuo cha lugha za Mashariki na Afrika mjini London, na mingine nchini Ujerumani katika mkusanyiko wa Dammann. Kwenye majalada ya vitabu vilivyotokana nayo, majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa yalikuwa ya wahariri. Aliyeandika, aliyeeleza maneno na aliyejua utenzi unavyoimbwa alitajwa ndani, pengine kwa shukrani, pengine kwa ufupi.

Ni rahisi kumlaumu kwa kuuza urithi wa mji nje. Lakini Kijuma aliuza nakala. Alichokijua alibaki nacho, na aliweza kukiandika tena kwa yeyote atakayehitaji. Kilichopotea Lamu kilipotea kwa sababu mji haukuwa tena na wanunuzi wengi wa kazi kama yake, na kizazi kilichofuata kilisomeshwa kwa herufi za Kilatini. Mnakili anaishi kwa mteja. Wa nyumbani walipopungua, alimwandikia wa mbali, na kwa sababu hiyo nakala zikaokoka mchwa.

Safari ya kurudi ilichukua muda. Mwaka 1973 mshairi Abdilatif Abdalla alihariri Utenzi wa Fumo Liyongo, ukachapishwa Dar es Salaam kwa jina la Muhammad Kijumwa, kwa herufi ambazo mwanafunzi yeyote wa Afrika Mashariki anaweza kuzisoma. Tangu hapo watafiti wameyachambua maisha yake, barua zake na kurasa zake, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa nchini Ujerumani kitabu kizima cha maandishi yake.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Mwanafunzi wa Kigali anayefungua tenzi za kale leo anazipata zimechapwa, safi, kila nakala sawa na mwenzake. Nyuma ya kurasa hizo yupo mzee wa Lamu aliyeandika kila ubeti kwa mkono, akapanga vina kama nguzo, akafunga bahasha, na kabla ya kuipeleka posta akahakikisha kwamba mwishoni, chini ya mstari wa mwisho, jina lake limeandikwa.